Kubugia chakula na matatizo ya haiba kwa watu wazima: tusihesabu kitu kimoja mara mbili

Kisiki cha Mpingo (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Kila mada ya kubugia chakula ikiibuka humu, haipiti kurasa 2 kabla mtu hajaandika "huyo ana BPD tu", yaani haiba ya bodalaini, tatizo la haiba ambalo hisia na mahusiano ya mtu huyumba sana. Na kwenye nyuzi za BPD wapo wanaoamini kila anayefakamia chakula usiku ana tatizo la haiba. Kosa hilohilo hufanyika hata kliniki, na anayelilipia ni mgonjwa.

Tuanze na vigezo. Ugonjwa wa kubugia, BED, ulitambuliwa rasmi kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013, kwenye DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili. Tangu 1994 ulikuwa umewekwa kwenye kiambatisho cha mambo yanayosubiri utafiti zaidi. Masharti ni haya: ndani ya muda mfupi, tuseme saa 2, mtu anakula kiasi kinachozidi waziwazi kile ambacho watu wengi wangekula katika mazingira yaleyale, na wakati huohuo anahisi hawezi kujizuia. Kisha ziwepo angalau dalili 3 kati ya 5: kula haraka kuliko kawaida yake, kula mpaka tumbo limkere, kula kingi bila njaa, kula peke yake kwa aibu, na kujichukia au kuzama kwenye huzuni na hatia baada ya kula. Hali hiyo imtese, na itokee walau mara 1 kwa wiki kwa miezi 3. Akiwa pia anajitapisha au kunywa dawa za kuharisha mara kwa mara ili "kufuta" alichokula, hapo tunazungumzia bulimia.

Sasa haiba. Haiba ya bodalaini, ambayo kwenye faili huandikwa BPD, ina vigezo 9 na mtu anatakiwa kutimiza 5. Kigezo cha 4 ni kufanya mambo kwa pupa katika maeneo yasiyopungua 2 yanayoweza kumdhuru. Mifano iliyotajwa ni matumizi ya fedha, ngono, vilevi, kuendesha gari ovyo, na kubugia chakula. Mtego umeuona? Kubugia kumeandikwa ndani ya maelezo ya BPD yenyewe. Mwenye BED anaingia kwenye usaili wa haiba akiwa ameshapewa nusu ya kigezo bure. Nusu tu, maana lazima lipatikane eneo la pili. Dodoso la MSI-BPD, lenye maswali 10 na alama 7 kama mstari wa kutilia shaka, nalo lina swali la pupa linalotaja kubugia kama mfano.

Mimi napendekeza hivi: kwenye kigezo hicho weka chakula pembeni kwanza, hesabu upya, uone kinachobaki. Mwongozo haudai hivyo, ni ukali wangu. Lakini kama bila chakula mtu habaki na vigezo 5, sioni sababu ya kukimbilia jina zito litakalomfuata kila hospitali atakayokwenda.

---

mtu_wa_temeke

Mkuu Kisiki, sasa sisi wa pilau la harusini tuko kundi gani? 😄 Mtu anapiga sahani 3 na soda 2, anarudi nyumbani analala fofofo.

---

Bi Mkunde

Kaka Temeke, huyo hana kundi. Harusini kila mtu anakula hivyo, hajajificha, na angeitwa apige picha angeacha sahani bila shida. Kinachotafutwa ni ile hali ya kushindwa kusimama.

Ila swali lako lina maana kuliko unavyodhani, kwa sababu kwetu watu wengi wanakula sinia moja. Ukimuuliza mgonjwa "ulikula kiasi gani?" atakwambia "kama wenzangu". Kwenye sinia hakuna anayejua nani kala nini. Uliza yanayotokea baada ya sinia: nani anaosha vyombo, ukoko unaishia wapi, kiporo cha asubuhi kinakutwa sufuriani au hakikutwi. Uliza anakula nini njiani kabla hajafika nyumbani. Kubugia kwingi hakufanyiki mezani. Kunafanyika jikoni taa ikiwa imezimwa, au ndani ya gari kabla ya kufungua geti.

Uliza kwa vipimo vya mtaani: vipande vingapi vya mkate, chapati ngapi, pakiti ngapi za biskuti, chipsi za sahani au za mfuko. Neno "kingi" halisaidii. Kuna mtu anaita andazi moja "kubugia" kwa sababu alikuwa ameapa hatakula ngano. Huyo amejiona ameshindwa kujizuia, lakini kiasi ni cha kawaida. DSM-5 haihesabu tukio la namna hiyo. ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, inalikubali, mradi hali ya kushindwa kujizuia ipo na inamtesa. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na ugonjwa kwenye faili moja na asiwe nao kwenye jingine. Andika umetumia kipimo kipi.

---

Lishe Kwanza

Naongeza upande wa lishe, maana ndiko makosa mengi yanakoanzia.

Kuna jaribio la njaa la Chuo Kikuu cha Minnesota, chini ya Ancel Keys, mwaka 1944 hadi 1945. Wanaume 36 wenye afya, waliochujwa kwanza kimwili na kiakili, walipunguziwa chakula mpaka takriban kalori 1,570 kwa siku kwa wiki 24. Wakapoteza karibu robo ya uzito. Zaidi ya kukonda, wakawa wakali, wenye huzuni, wenye kujitenga, hisia zao zinapanda na kushuka. Chakula kiliporudishwa, baadhi walikula bila kikomo na bado wakasema hawajashiba. Hao walikuwa wamechaguliwa kwa uimara wao.

Sasa mchukue mtu mzima wa leo anayeruka kifungua kinywa, anakunywa chai kavu saa 4, chakula cha mchana hali "kwa sababu ya mwili", halafu saa 3 usiku anamaliza mkate mzima. Amefanya hivyo miaka. Mkalishe mbele ya dodoso la haiba: hasira zipo, hisia zinazoyumba zipo, pupa ipo, kujiona mtupu kupo. Unapima haiba au unapima njaa?

Kwa hiyo kama hakuna hatari ya haraka, panga ulaji wake kwanza, wiki 4 hadi 6, ndipo ufanye usaili kamili wa haiba. Muda huo nimeuweka kwa uzoefu wa kazi, hakuna kanuni iliyoutaja. Ulaji wenyewe una kanuni inayojulikana kwenye CBT, tiba ya kubadili fikra na tabia: milo 3 na vitafunwa 2 au 3, pengo kati ya mlo na mlo lisizidi saa 4, na usile katikati ya hapo. Mfano wa gharama ndogo:

Saa 1 asubuhi: chai ya maziwa, viazi vitamu 2 au chapati 1, yai.
Saa 4: ndizi mbivu na karanga kiganja kimoja.
Saa 7 mchana: ugali au wali, maharage, mboga za majani, tunda.
Saa 10 jioni: uji kikombe, au maziwa mgando.
Saa 1 hadi 2 usiku: mlo kamili kama wa mchana.

Mgonjwa atakwambia "nikila asubuhi ndiyo nafungua tumbo, siku nzima nitakula". Wiki ya kwanza kweli anahisi hivyo, kwa sababu ishara za njaa zilikuwa zimevurugika. Mwambie ale kwa saa, asisubiri kuhisi njaa. Na ashike saa zilezile hata siku iliyofuata usiku wa kubugia. Hapo ndipo wengi wanaharibu: wamebugia Jumanne usiku, Jumatano wanafunga kama adhabu, Jumatano usiku wanabugia tena.

Na tusijifanye hatuoni umaskini. Utafiti uliochapishwa 2017 kuhusu watu wanaochukua chakula cha msaada San Antonio, Texas, uliona kwamba kadiri uhaba wa chakula nyumbani unavyokuwa mkali, ndivyo kubugia kunavyokuwa kwingi. Mtu ambaye wiki ya mwisho wa mwezi anashindia chai, mshahara ukitoka akabugia, si lazima awe na tatizo la haiba. Uliza tarehe za matukio. Yakijipanga na tarehe za mshahara umeshapata jibu la kwanza.

---

Daktari Ngazi

Lishe Kwanza umesema vizuri, lakini usiwape watu matumaini kwamba ratiba ya milo itatosha kwa kila mtu. Wapo wanaokula saa zote 5 ulizoandika na bado wanabugia, na hao ndio wenye uzi huu hasa.

Kuna njia 2 za kuingia kwenye kubugia, na mtu anaweza kupita zote. Ya kwanza ni kujinyima, umeshaieleza. Ya pili ni hisia. Heatherton na Baumeister mwaka 1991 walieleza kubugia kama kukimbia nafsi: mtu mwenye viwango vikali juu yake mwenyewe akijiona ameshindwa, maumivu ya kujitazama yanazidi, anabana fikra zake zote kwenye kitu kilicho karibu kabisa, yaani tonge linalofuata. Kwa dakika hizo hakuna jana wala kesho. Ndiyo maana wengi husema "nilikuwa sipo".

Kwa mwenye BPD kichocheo mara nyingi ni mahusiano: ujumbe uliosomwa bila kujibiwa, sauti iliyobadilika kwenye simu, safari ya mtu wa karibu. Hisia inapanda kwa dakika, si kwa siku. Mwenye huzuni ya kawaida atakula zaidi kwa wiki nzima, wakati mwenye BPD anaweza kubugia mara 1 kwa nguvu, kesho akajikata, keshokutwa akamaliza akiba ya fedha. Kazi ni ileile, kuzima hisia, ila chombo kinabadilika. Ndiyo maana ukimzuia chakula tu bila kumpa chombo kingine, usishangae pombe au wembe ukichukua nafasi.

Swali langu la kwanza kliniki huwa: "Usipokula, ungefanya nini?" Jibu la "ningelala tu nikiwa na hamu" na jibu la "ningejiumiza" yanapeleka matibabu njia tofauti kabisa. La pili: "Haya mambo yalianza lini, na yanatokea wapi pengine zaidi ya kwenye chakula?" DSM-5 inataka tatizo la haiba liwe limeanza kuonekana kufikia utu uzima wa mwanzo na lienee kwenye maeneo mengi ya maisha. ICD-11 ni laini zaidi, inatosha miaka 2 au zaidi, kisha unapima ukali: mdogo, wa kati au mkubwa. Mtu wa miaka 45 aliyebadilika mwaka jana tu, kabla ya haiba angalia dawa anazomeza, sonona, pombe, tezi la shingo na jeraha la kichwa.

---

Kisiki cha Mpingo

Ahsante dokta. Lakini bado tunazungumza kana kwamba BPD ndiyo haiba pekee. Takwimu hazisemi hivyo.

Tafiti zilizojumlishwa zinaonyesha takriban watu 3 kati ya 10 wenye BED wana tatizo lolote la haiba. Maana yake 7 hawana! Na miongoni mwa hao 3, haiba ya kukwepa watu na ile ya ukamilifu uliopitiliza zinaonekana kwa wingi sawa na bodalaini au zaidi. BPD inaandamana zaidi na bulimia, penye kujitapisha. Hizi mbili za kwanza zinapitwa kwa urahisi kwa sababu hazipigi kelele.

Haiba ya kukwepa, vigezo 4 kati ya 7: anaogopa kukosolewa mpaka anaacha kazi, hachangamani isipokuwa ana uhakika atapendwa, anajiona duni. Kwake chakula ni mwenzake wa jioni. Habugii kwa hasira. Anabugia kwa sababu amekataa mwaliko na sasa yuko peke yake na fikra zake. Huyu haji kliniki kabisa, au anakuja mara 1, akiulizwa swali la aibu mbele ya wanafunzi wa udaktari harudi.

Haiba ya ukamilifu, vigezo 4 kati ya 8: kanuni, orodha, kazi isiyoisha, ubahili, ukaidi. Kwake mlango wa kubugia ni "nimeshavunja sheria". Amepanga kula tonge kadhaa, akazidisha moja, siku imeharibika, basi amalize sufuria, kesho aanze upya. Ukimpa ratiba ya Lishe Kwanza hapo juu ataifuata kwa dakika, na siku basi likichelewa saa 7 ikapita hajala, ataibomoa yote. Kwake ratiba iwe na nafasi ya kupinda: "kati ya saa 6 na nusu na saa 8".

---

Bi Mkunde

Hapo kwa wa kukwepa nina la kuongeza, maana linagusa uchaguzi wa tiba. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waligawa watu wazima 101 wenye BED kwenye makundi 2 wakayalinganisha, matokeo yakachapishwa 2010. Kundi moja lilipata DBT, tiba inayofunza stadi za kutawala hisia, iliyorekebishwa kwa ajili ya kubugia, vikao 20 vya saa 2. Jingine lilipata kikundi cha kusaidiana cha urefu uleule bila mafunzo hayo. Mwisho wa tiba, 64% wa DBT walikuwa wameacha kubugia, dhidi ya 36%. Baada ya miezi 12, 64% kwa 56%. Pengo limepungua sana, lazima tuwe wakweli. Lakini tazama walioacha tiba katikati: 4% upande wa DBT, na theluthi nzima upande wa pili. Na uchambuzi uliofuata ulionyesha wenye haiba ya kukwepa ndio walioathirika zaidi walipowekwa kwenye kikundi kile cha mazungumzo matupu.

Ninavyoelewa sababu ni kwamba kikundi chenye somo, karatasi na zoezi kinampa mtu mwenye aibu kitu cha kushika. Kikundi cha "haya, leo nani anataka kusema?" ni jehanamu kwake.

---

mtu_wa_temeke

Sasa DBT yenyewe inafanyaje kazi kwenye chakula? Tupeni hatua, si majina.

---

Daktari Ngazi

Sawa kaka. Tiba iliasisiwa na Marsha Linehan, Marekani, kwa ajili ya watu wanaojiumiza na kutaka kufa. Kwa kubugia zimechukuliwa sehemu 3: uangalifu wa sasa, kutawala hisia, na kuvumilia dhiki. Chombo kikuu ni mnyororo. Kila tukio la kubugia linaandikwa hivi (mfano wa kutunga):

Udhaifu wa siku: amelala saa 4 tu, mchana hajala.
Kichocheo: saa 12 jioni mwenza kaandika "tutaongea baadaye".
Viungo: wazo "ananiacha", kifua kinabana, anapiga simu mara 6, haipokelewi, anapita dukani "kununua sabuni".
Tendo: mkate 1, siagi, soda ya lita 1, ndani ya dakika 20, mlango umefungwa.
Matokeo ya papo hapo: utulivu, mwili mzito.
Matokeo ya baadaye: aibu, anazima simu, mwenza anakasirika kweli, asubuhi hali kitu.

Kisha unatafuta kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote, unakata hapo. Makosa ya kawaida ni kutaka kukata kwenye tendo lenyewe, mkate ukiwa tayari mkononi. Umechelewa. Hapa pa kukata ni mchana asiokula, simu ya pili, na lile duka.

Duka lina jina lake kwenye tiba hii: uamuzi unaojifanya hauna maana. "Nanunua biskuti za wageni." Wageni gani, na wanakuja lini? Mwenye kubugia ana biskuti za wageni mwaka mzima.

Hisia ikishapanda juu kabisa, fikra hazisaidii, tumia mwili. Maji baridi usoni, umeinama, umebana pumzi, sekunde 30. Mapigo yanashuka. Mwenye ugonjwa wa moyo au aliyekonda kupindukia asifanye bila daktari. Vinginevyo pumzi: kutoa iwe ndefu kuliko kuvuta, kwa dakika 5. Lengo ni kushusha wimbi mpaka mtu aweze kuchagua.

Na lengo la tiba linawekwa kwa pande 2 kwa pamoja: naacha kabisa, na nikianguka nina mpango wa kusimama mlo unaofuata. Ukimpa upande wa kwanza peke yake, mtu wa ukamilifu atavunjika siku ya kwanza. Ukimpa wa pili peke yake, kuanguka kunakuwa ruhusa.

---

Famasia_Kisauni

Niingilie upande wa dawa kabla watu hawajaanza kuulizana inbox, hapa Mombasa hali ndiyo hiyo.

Moja: kagua dawa zinazoongeza ulaji kabla ya kuongeza dawa ya kupunguza. Olanzapini, klozapini, kwetiapini, mirtazapini, amitriptilini, valproeti. Wenye BPD hupewa hizi ili "watulie", halafu wanaandikiwa kwamba kubugia ni sehemu ya haiba yao. Linganisha tarehe: dawa ilianza lini, kubugia kuliongezeka lini? Usimwambie mgonjwa aache mwenyewe, mrudishe kwa aliyeandika. Dawa za usingizi kama zolpidemu nazo zinaweza kumfanya mtu ale akiwa nusu usingizini, asubuhi asikumbuke. Hiyo si BED.

Mbili: lisdeksamfetamini ilikubaliwa Marekani Januari 2015 kwa BED ya kati na kali kwa watu wazima. Inaanzwa miligramu 30, inapandishwa 20 kila wiki mpaka 50 au 70. Ni kichangamshi, inaleta utegemezi, inapandisha presha na mapigo, inakata usingizi. Kwa mtu mwenye historia ya vilevi, jambo la kawaida kwenye BPD, mimi ningeiogopa. Si dawa ya kupunguza mwili, na si ya kuagiza kwa mtu anayesafiri.

Tatu: fluoksetini miligramu 60 ni kwa bulimia. Kwa BED ushahidi wake ni mdogo, ila inafaa kama kuna sonona. Bupropioni kwa mwenye bulimia ni marufuku, degedege. Topirameti inapunguza kubugia kwa baadhi, lakini inafanya maneno yapotee mdomoni, inaweza kudhuru mimba, na kwa dozi kubwa inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi. Mwanamke asipewe bila kuulizwa hilo.

Nne, na hii nawaomba wenzangu wa kaunta: amitriptilini inaua ikimezwa nyingi. Mtu mwenye historia ya kutaka kujidhuru asipewe ya miezi 3 kwenye mfuko mmoja. Mpe ya wiki. Lithiamu kwa mtu anayejitapisha au kuharisha inapanda kwenye damu mpaka inakuwa sumu.

Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unasema dawa isiwe tiba pekee ya BED, na kwa BPD unasema dawa zisitumike mahsusi kutibu BPD yenyewe. Watu wanakuja na dawa 5 kwa haiba moja. Inasikitisha.

---

Mama Salma

Dada na kaka, ahsanteni. Ramadhani je? Mtu kama huyu afunge? Maana pengo la saa 4 hapo limeshavunjwa.

---

Lishe Kwanza

Mama Salma, swali zito. Huku kwetu karibu na ikweta saumu ni kama saa 13 na ushee. Kwa mtu ambaye njia yake ya kubugia ni kujinyima, hiyo ni kumweka mlangoni kila siku kwa siku 29 au 30. Anayebugia mara kadhaa kwa wiki, anayejitapisha, au mwenye kisukari cha sindano, aanze na daktari na shehe anayemwamini kabla mwezi haujaandama. Ruhusa ya mgonjwa ipo kwenye Qurani yenyewe, sura ya 2 aya ya 184 na 185. Tatizo ni kwamba wengi hawajioni wagonjwa, wanajiona walafi, na wanafunga kama toba.

Akifunga: daku asiiruke hata kwa usingizi, iwe na protini na nafaka isiyokobolewa. Magharibi afungue kwa tende 3, maji, uji bakuli moja. Aswali. Akirudi apakue sahani yake mara 1, akae na watu, tambi na kaimati viwe kwenye sahani ileile, visiwe sinia pembeni. Mlo wa pili baada ya tarawehe. Hatari kubwa ni ile saa anapobaki jikoni peke yake kufunika vyakula. Avifunike mtu mwingine.

---

mtu_wa_temeke

Na ndugu wa nyumbani? Wafunge kabati?

---

Bi Mkunde

Hapana kaka. Kabati lenye kufuli linamfundisha kununua nje na kula gizani, na kwa mwenye BPD ni uthibitisho kwamba mnamwona mwizi. Mkubaliane mapema, siku ya utulivu. Vyakula vyake 2 au 3 vinavyomshinda visinunuliwe kwa jumla kwa miezi michache. Milo iwe mezani kwa saa. Msihesabu tonge zake, msimsifie kukonda, msimtanie mwili mbele ya wageni. Mkikuta pakiti tupu chini ya kitanda, msizipange sebuleni kama ushahidi.

Vitu vinavyohitaji hospitali siku hiyohiyo: kuzimia, mapigo yanayoruka au misuli kukakamaa kwa anayejitapisha (potasiamu imeshuka), kutapika damu, tumbo kuvimba na kuuma sana baada ya kubugia, kuruka insulini ili apungue. Na maneno ya kutaka kufa. Muulize wazi, "unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo.

---

Kisiki cha Mpingo

Kuhusu nini kitibiwe kwanza pale vyote viwili vipo, kwa sababu nimeulizwa mara 3. DBT ina mpangilio wake: kwanza yanayotishia uhai, pili yanayovuruga tiba yenyewe (kutokuja, kuja amelewa, kudanganya shajara), tatu yanayoharibu maisha, na kubugia kwingi kunaangukia hapo. Kujitapisha kunakovuruga potasiamu kunapanda daraja la kwanza.

Kama BED ipo na haiba ni ya ukali mdogo, usisubiri. Mwongozo wa NICE wa 2017 unaanza na kitabu cha kujisaidia kwa mwongozo: vikao vifupi 4 hadi 9 vya dakika 20, ndani ya wiki 16. Isiposaidia baada ya wiki 4, kikundi cha CBT, vikao 16 vya dakika 90. Isipofaa hicho, CBT ya mtu mmoja mmoja, vikao 16 hadi 20. Kwa huku kwetu ile hatua ya kwanza inaweza kuendeshwa na muuguzi au ofisa ustawi aliyefunzwa, haihitaji bingwa. Kwa BPD kamili usitegemee vikao vifupi. NICE inakataza tiba ya chini ya miezi 3 kwa lengo hilo.

Na usimwahidi kukonda. Kuacha kubugia kunapunguza uzito kidogo tu au hakupunguzi. Aliyeahidiwa kilo 15 ataondoka wiki ya 6, wakati ndio kwanza matukio yameanza kupungua.

---

Nahodha mstaafu

Shajara iliyotajwa inaandikwaje? Mmoja aweke safu zake hapa watu wachukue.

---

Daktari Ngazi

Karatasi moja kwa siku, safu 6: saa, alichokula na kunywa kwa vipimo vya nyumbani, mahali, nyota kama alihisi kushindwa kujizuia, alama kama alijitapisha au alitumia dawa ya kuharisha, na mwisho kilichokuwa kinaendelea, hisia na nguvu yake kutoka 0 hadi 5. Mwenye BPD ongeza safu ya 7: hamu ya kujiumiza, 0 hadi 5, hata kama hakujiumiza.

Aandike palepale anapokula, asingoje usiku. Ya usiku inakuwa na milo ya kumbukumbu, na vile viungo vya saa 12 jioni vimeshapotea. Uzito mara 1 kwa wiki, siku ileile, usiandikwe kwenye karatasi hii. Kalori zisiandikwe kabisa. Na karatasi ikirudi tupu, usigombe. Mnyororo wa kwanza wa kikao hicho uwe wa kwa nini haikuandikwa.